Mkonge na Kupotea kwa Bioanuwai Korogwe

Bioanuwai, yaani wingi wa aina za mimea, wanyama na viumbe wengine pamoja na mazingira yanayowalea, hupotea kwa sababu kuu tano: kubadilishwa kwa matumizi ya ardhi, uvunaji uliokithiri, uchafuzi, viumbe vamizi na mabadiliko ya tabianchi. Historia ya Korogwe, wilaya ya Tanzania yenye mashamba ya mkonge kama ya Kwashemshi, inaonyesha kwamba sababu hizo hufunguliana njia.

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Zao lilienea kutokana na michache hiyo, na reli kutoka Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902, ikalipatia njia ya kwenda bandarini. Pori lenye miti, vichaka na nyasi za kila namna lilifyekwa, likapandwa kwa mistari mmea mmoja tu, ambao huchanua mara moja maishani kisha hufa, hivyo nyuki na ndege waliozoea maua na matunda ya majira mbalimbali wakapungukiwa chakula.

Ufyekaji huo ulizaa mengine. Manamba, yaani vibarua walioletwa kutoka mbali, walihitaji kuni, nguzo na mahali pa kulima chakula, navyo vilipatikana katika pori lililosalia. Korona, mashine ya kusaga jani ili kutoa nyuzi, huacha makapi na majimaji zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wa jani, na taka hizo zikimwagwa mtoni huoza na kumaliza oksijeni wanayoitegemea samaki.

Viumbe vamizi nao hufuata ukataji: katika milima ya Usambara, iliyo juu ya tambarare hizo, mti wa kigeni Maesopsis eminii ulioletwa Amani, milimani humo, ulienea hasa palipokatwa mbao.

Baada ya kilele cha takriban tani 230,000 mwaka 1964, uzalishaji wa mkonge nchini uliporomoka kwa ushindani wa nyuzi za plastiki, lakini kudorora kwa zao hakurudishi msitu ambao miti mama yake imekwisha. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalinda sehemu ya milima hiyo ya Usambara. Hata hivyo, joto likizidi, viumbe wa kivulini wanaohitaji kuhama hukuta tambarare tupu wasiyoweza kuivuka. Kwa hiyo uhifadhi wa Usambara hauwezi kukamilika bila kurejesha miti ya asili katika mabonde yaliyo chini yake.