Sindimba na Walimu Wake: Kutoka Uwanda wa Makonde hadi Chuoni

Sindimba ni ngoma ya Wamakonde wa Mkoa wa Mtwara. Huchezwa na wanaume na wanawake waliojipanga kwa mistari, viuno vikifuata mlio wa ngoma za ukubwa mbalimbali. Asili yake inahusiana na jando na unyago, ambamo vijana hufundwa maadili ya utu uzima. Mpigaji hujifunza kwa kukaa karibu na fundi, kusikiliza na kuiga, hadi siku atakapoachiwa ngoma.

Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba wasomi wengi walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za makwao. Katika muongo huo kiliundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kilichowakusanya wasanii kutoka mikoani. Sindimba ikawa miongoni mwa ngoma zake mashuhuri.

Mwaka 1981 kilianza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni wakala wa Serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Hapo ndipo fundi wa jadi alipopata nafasi ya ualimu. Mfano bora ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003. Aliingia darasani na ujuzi aliorithi nyumbani, akaongoza kikundi kilichoitangaza Tanzania nje ya nchi.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako muziki umefundishwa tangu miaka ya 1970, mhadhiri wa muziki hufundisha, hutafiti na huwaongoza wanafunzi jukwaani. Wanazuoni hao pia wametoa tahadhari. Katika miaka ya 1980, Elias Songoyi alichambua jinsi biashara inavyoathiri ngoma za asili. Ngoma inapofupishwa kwa ajili ya watazamaji, mwendo wake huweza kubaki huku maana ikipotea.

Tahadhari hiyo inaihusu Mtwara moja kwa moja. Profesa anaweza kurekodi mdundo na kuuandika, lakini chanzo chake ni fundi wa kijijini. Fundi akifariki bila mwanafunzi, chuo nacho hukosa cha kufundisha.

Jitihada za kuziba pengo hilo zipo. Tamasha la MaKuYa, lililoanzishwa Mtwara mwaka 2008, hukutanisha ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mwaka 2011 Tanzania iliridhia Mkataba wa UNESCO wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika, unaozitaka nchi wanachama kuutambua na kuuorodhesha urithi huo kwa kushirikiana na jamii zenyewe.

Wananchi wenye wazee mafundi wa ngoma katika familia zao wanahimizwa kuwasiliana na Afisa Utamaduni wa halmashauri yao, na kuwapeleka vijana wakajifunze wakati mafundi hao wangali na nguvu za kupiga.