Kanisa la kando ya mto: Ripley na watu waliovuka usiku

Baba na mama mliohama makwenu, wazee wa mitaa mnaowapokea wageni, leo nawapeleka mbali, Marekani. Mniwie subira, mwishoni tutafika Kasai.

Ripley ni mji mdogo kando ya mto Ohio. Ng'ambo ya kusini ni Kentucky, ambako zamani sheria iliruhusu mtu kumilikiwa kama mbuzi. Ng'ambo ya kaskazini, penye Ripley, utumwa ulikatazwa. Kati yao ni maji tu.

Mwaka 1822 kanisa dogo la Kipresbiteri la hapo lilimpata mchungaji John Rankin, aliyezaliwa Tennessee mwaka 1793. Kwao alihubiri kinyume cha utumwa akaona hapakaliki. Akaenda Kentucky, na huko pia pakawa pagumu, ndipo alipovuka mto na mkewe Jean na watoto. Kwa hiyo mchungaji mwenyewe alikuwa mhamaji, ingawa hakufukuzwa kwa panga. Alilichunga kanisa hilo miaka 44.

Sasa sikilizeni jambo ninalolipenda kuliko yote. Rankin alipata habari kwamba Thomas, ndugu yake wa damu aliyekaa Virginia, amenunua watumwa. Ungefanya nini wewe? Wengi wetu tungekata undugu, au tungenyamaza ili sikukuu zipite vizuri. Rankin alishika kalamu. Alimwandikia barua nyingi, akimjibu hoja moja baada ya nyingine, bila kumtukana na bila kumficha kitu. Mwaka 1824 gazeti la Ripley likaanza kuzichapa, na mwaka 1826 zikawa kitabu. Mwaka 1827 Thomas akawaacha huru watumwa wake, akahamia Ohio. Barua zilichukua miaka, hilo mlikumbuke.

Baadaye Rankin alijenga nyumba juu ya kilima, akawa anaweka taa dirishani. Aliyevuka usiku aliiona kutoka Kentucky. Nyumba hiyo ilikuwa na watoto 13, na bado wageni walipata chakula na mahali pa kulala. Mama Jean hatajwi sana vitabuni, lakini ninyi akina mama mnajua ni nani aliyepika usiku wa manane. Inasimuliwa kwamba mwaka 1838 mwanamke mmoja alivuka juu ya barafu iliyoanza kukatika, mtoto kifuani. Habari yake ilimfikia Harriet Beecher Stowe, naye akaiingiza katika kitabu chake cha mwaka 1852.

Msidhani mji wote ulikuwa na moyo mmoja. Wasakaji wa watumwa walivuka mto wakidai watu wao, na wengine Ripley walipenda biashara na Kentucky kuliko mgeni mwenye njaa. Mwaka 1841 watu wenye silaha walishambulia nyumba ya kilimani usiku. Watoto wa Rankin walijibu kwa bunduki, sitaficha hilo. Mwaka 1850 sheria mpya ikawa kali zaidi kwa aliyemsaidia mtoro, hata Ohio. Hapo alikuwepo pia John Parker, mtu mweusi aliyejinunua mwenyewe mwaka 1845, mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma. Huyu alikwenda na mtumbwi mpaka Kentucky kuchukua watu. Kwa maoni yangu alihatarisha zaidi kuliko mchungaji, maana akikamatwa alirudi utumwani.

Kanisa nalo lilipasuka. Swali lilikuwa hili: mwenye watumwa aweza kukaribishwa Meza ya Bwana? Rankin alisema hapana, na mwaka 1847 alikuwa mmoja wa walioanzisha Kanisa Huru la Kipresbiteri. Waliosali pamoja wakatengana. Mwaka 1861 vita vilipoanza, Wapresbiteri wengi wa kusini nao wakaunda kanisa lao wenyewe.

Hapa ndipo Kasai inapoingia. Kanisa hilo la kusini, lililotetea utumwa, ndilo lililotuma wamisionari Luebo mwaka 1891: Samuel Lapsley, mzungu, na William Sheppard, mtu mweusi, aliyezaliwa Virginia mwaka 1865, mwaka utumwa ulipokomeshwa. Lapsley alikufa mwaka uliofuata. Mwaka 1899 Sheppard alikwenda kuangalia vijiji vilivyoshambuliwa katika utawala wa mfalme Leopold, akahesabu mikono 81 iliyokatwa, ikikaushwa juu ya moto. Aliandika alichokiona. Kampuni ya mpira ikamshtaki, na mwaka 1909 mahakama ya Léopoldville ikaona hana hatia.

Kanisa la kaskazini na la kusini yaliungana tena mwaka 1983, baada ya miaka 122. Waliotengana wenyewe walikuwa wamekwisha kufa wote.