Dirisha la Kuchongwa: Istilahi na Sababu Zake

Dirisha, katika lugha ya kompyuta, ni eneo la skrini ambalo mfumo endeshi umeikabidhi programu moja ichore humo na ipokee mibofyo inayoangukia humo. Neno lenyewe halina ugomvi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kumsemesha mtu kwa Kiswahili. Aliyehudumiwa na kazi ile, hata hivyo, ni mtumiaji. Anayeandika programu bado anababaika pale dirisha linapoacha kuwa mstatili likawa duara, moyo au umbo la ndege. Njia ya mkato ni kusema "dirisha lenye umbo maalumu". Makala haya yanatetea "dirisha la kuchongwa", kwa hoja moja: istilahi ya ufundi hufaa zaidi ikitaja tendo linalofanyika ndani ya mashine kuliko ikitaja sura inayoonekana kwa nje.

Tuchukue mfano wa saa ya duara inayokaa kwenye skrini. Programu huomba dirisha la pikseli 200 kwa 200, yaani pikseli 40,000, kisha huondoa fremu na mstari wa jina ulio juu. Katika Windows, tangu toleo la 95, huunda eneo la duara kwa CreateEllipticRgn na kulifunga kwenye dirisha kwa SetWindowRgn. Kuanzia hapo ni pikseli kama 31,400 tu zinazoonekana. Zile 8,600 hivi za pembeni hazichorwi, na ukibofya hapo, mbofyo unakwenda kwa programu iliyo chini yake. Lakini uulize mfumo ukubwa wa dirisha hilo, nao utakujibu vilevile: 200 kwa 200. Mstatili haukugeuzwa kuwa duara, umepunguzwa. Mifumo ya jamii ya Unix inayotumia mfumo wa madirisha uitwao X ilipata uwezo huo kwa nyongeza iitwayo SHAPE, iliyoandikwa na Keith Packard mwaka 1989. Winamp, programu ya kucheza muziki iliyotoka mwaka 1997, baadaye ilimwezesha hata asiyejua kuandika programu kuorodhesha nukta za ukingo katika faili la region.txt. Java nayo ikaleta setShape katika toleo la 7, mwaka 2011. Majina ni mengi, tendo ni lilelile: kisichotakiwa kinaondolewa, kinachobaki ndicho dirisha.

Tendo hilo Ukambani, mashariki mwa Kenya, lina jina tayari. Ufundi wa vinyago uliovuma kutoka Wamunyu, katika kaunti ya Machakos, kwa juhudi za Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ni ufundi wa kupunguza: twiga hakuongezwa kwenye gogo, aliachwa humo baada ya mbao nyingine kuondolewa. Ndiyo maana kitenzi "kuchonga" kinafaa, na kinazaa pia. Mwanaprogramu atasema "chonga dirisha", ataita eneo linalobaki "mchongo", na atauliza kama dirisha limechongwa au bado. "Umbo maalumu" halizai kitu. Tena halibainishi, kwa kuwa kila dirisha lina umbo, na mstatili wa vipimo alivyoteua mtumiaji nao ni maalumu.

Msomaji wa Lamu au Unguja atapinga mara moja. Kwake mlango wa kuchonga ni ule uliotiwa nakshi, na umbo lake ni mstatili uleule. Pingamizi hili ni zito, ila linatusaidia, kwa maana linatuonyesha mambo mawili yanayochanganywa. Kupamba uso wa dirisha bila kugusa ukingo wake tukuite kutia nakshi. Kuondoa sehemu za dirisha tukuite kuchonga. Mwingine atasema kwamba mitaani "mchongo" ni dili, tena mara nyingi dili la ujanja. Lakini kipanya cha kompyuta hakijamchanganya mtu na panya wa ghalani, kwa kuwa muktadha huchuja maana. Pingamizi la tatu ni la kiufundi: tangu Windows 2000 kuna madirisha ambayo kila pikseli hupewa kiwango cha uwazi, kutoka 0 hadi 255, na hapo hakuna kinachokatwa. Ni kweli, na ndiyo sababu hayo yanastahili jina lake, "dirisha la uwazi". Kwenye mchongo pikseli imo au haimo. Kwenye uwazi inaweza kuwamo nusu. "Umbo maalumu" lingeyafunika yote mawili na kumnyima mwanafunzi tofauti anayoihitaji.

Limebaki swali la manufaa. Katika shule za upili za Kenya, somo la kompyuta hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na SetWindowRgn haitabadilishwa jina kwa ajili ya mtu yeyote. Kiswahili hakidai nafasi hiyo. Kinadai nafasi ya maelezo, pale mwanafunzi anapomuuliza mwenzake kwa nini programu imefanya ilivyofanya. Istilahi nzuri humpa jibu kabla hajalijaribu. Aliyefundishwa "umbo maalumu" atashangaa kuona saa yake ya duara bado inapimwa kama mraba, mibofyo ya pembeni ikimpita, na dirisha lisiburutike kwa kukosa mstari wa jina. Aliyefundishwa kwamba dirisha limechongwa atajua kwamba kipimo ni cha gogo, kwamba palipoondolewa hapabofyeki, na kwamba mahali pa kushika dirisha pameondoka na fremu, hivyo ni juu yake kuujibu ujumbe wa WM_NCHITTEST, ambao Windows hutuma kuuliza kipanya kipo sehemu gani ya dirisha, ili papatikane pengine pa kulishikia.