Zamu ya Wazee na Zamu ya Vijana

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo litakalompata kila mtu asipokufa mapema, nalo ni uzee.

Juzi tuliwakemea vijana wa chuo chetu cha waalimu kwa kusimama mbele ya kioo wakichana nywele hata kengele ikalia. Tukawaambia, "Sisi zamani zetu hatukuwa hivi." Mara tukanyamaza, maana sauti tuliyoisikia haikuwa yetu; ilikuwa sauti ya marehemu baba yetu. Yeye alisema maneno yayo hayo siku tuliporudi kutoka shule ya misheni tumevaa viatu. Lakini babu, aliyekuwa ameketi karibu, alivitazama viatu vile akauliza, "Mjukuu wangu, ardhi imekukosea nini hata hutaki kuigusa?" Watu wakacheka, nasi tukacheka, hata baba akacheka. Makemeo ya baba tuliyasahau upesi. Neno la babu tunalo mpaka leo.

Kwa nini baba hukemea, na babu hutania? Kwa makabila mengi ya nchi zetu desturi ndiyo hiyo. Baba ana kazi ya kulea, na mwanawe ndiye atakayeshika mahali pake. Kwa hiyo kati yao pana heshima, na pengine pana hofu. Babu amekwisha maliza kazi hiyo. Humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu," na mjukuu wa kiume humcheka babu kwa meno yaliyong'oka, wala hapana aliyekosewa adabu. Mwaka 1940 mtaalamu mmoja Mwingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika habari za utani, akaeleza kwamba huonekana hasa penye watu waliofungamana na huku wametengana, ili tofauti yao isizae ugomvi. Wazee wetu walilijua jambo hilo kabla halijaandikwa.

Lakini mzaha peke yake hautoshi. Kati ya wazee na vijana pana mashamba, ng'ombe na amri ya nchi, na vitu hivyo havigawanyiki kwa kicheko tu. Basi na tutazame jinsi Wanyakyusa wa Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa, walivyolitengeneza shauri hili katika siku za kale.

Kwao watu walikaa vijiji kwa marika. Mtoto wa kiume alipopata miaka kama kumi aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha wazee. Mchana walilima mashamba ya baba zao. Wakati wa kula walikwenda kundi zima kwa mama wa mmoja wao, kisha kwa mama wa mwingine. Walipokua na kuoa, wake zao waliwafuata huko huko, na vile vibanda vya watoto vikawa kijiji kamili. Kukaa vema pamoja na wenzi, kwa kula na kuongea, waliita ukwangala. Nao waliamini kwamba mtu hujifunza akili kwa kuongea na walio sawa naye. Tena mkwe wa kike hakuruhusiwa kuonana na baba wa mumewe. Akimwona njiani alijitenga. Kwa hiyo kukaa mbalimbali kulihifadhi adabu.

Hata vijana wa rika lile walipokuwa watu wazima wenye wake na watoto, ilifika siku kuu iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka. Ilikuja mara moja tu katika kizazi kimoja. Moto wa zamani ulizimwa katika nyumba zote, ukapekechwa moto mpya. Wana wa mtawala walitokezwa mbele ya watu, nchi ikagawanywa kati yao, na wakuu wa vijiji vipya wakachaguliwa na wakuu wa zamani. Kisha baba zao walisogea kando, wakawaachia vijana ardhi na amri.

Tuliangalie neno hilo, kusogea kando. Mzee hakufukuzwa, wala kijana hakunyang'anya. Mzee alijua tangu ujana wake kwamba siku hiyo itafika, kwa kuwa yeye naye alipokea vivyo hivyo. Na kijana alijua kwamba lazima angoje.

Kungoja ndiko kulikoharibika. Wamisheni walifika Rungwe mwaka 1891, wakajenga shule. Mwaka 1922 dhahabu ilionekana Lupa, na katika miaka ya 1930 vijana wengi walikwenda kufanya kazi huko. Zamani kijana hakuweza kuoa ila kwa ng'ombe wa baba yake. Sasa alirudi na fedha mkononi, akanunua ng'ombe mwenyewe. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walivikuta vijiji vya marika vingali hai. Lakini kahawa ilipopandwa, kila mtu alitaka shamba lake la kudumu. Nani atasogea kando aache miti ya kahawa aliyoipanda kwa mikono yake? Vijiji vile vikafifia, na mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa katika Tanganyika nzima.

Tusidhani kwamba zamani yote ilikuwa njema. Vijana walingoja mno, na wengine waliona wazee wenye ng'ombe wakiongeza wake hali wao hawana hata mmoja. Hatuwezi kuwalaumu kwa kwenda Lupa. Lakini tumepotewa na kitu kimoja: siku ya kumwambia mzee, "Zamu yako imekwisha, ahsante." Siku hizi hapana moto unaozimwa. Mzee hujikuta tu haulizwi shauri, akaona uchungu, akaanza kukemea viatu na vitana.

Wenye hekima husema, palipo wazee hapaharibiki neno. Ni kweli, ikiwa mzee ajua lipi ni neno na lipi ni nywele. Wizi, uvivu na dharau tuvikemee bila kucheka. Mengine tuyatanie, maana kijana aliyecheka pamoja nasi leo atakuja kutuuliza shauri kesho.

Nasi tulirudi darasani, tukawaambia vijana wetu, "Kioo kile tuachieni kidogo, tuhesabu mvi." Wakacheka sana. Kesho yake kengele ilipolia, wote walikuwa wamekwisha kaa mahali pao.