Kangaga la pembe: Mmea wa ukutani usiohitaji udongo

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam hawana tena mahali pa kupanda maua. Nyua za nyumba za zamani zimemezwa na maghorofa, na kilichobaki kwa walio wengi ni kibaraza chembamba na ukuta.

Hata hivyo, upo mmea ambao hauhitaji zaidi ya ukuta huo. Ni kangaga la pembe, ambalo kitaalamu huitwa Platycerium. Mmea huu hufungwa kwenye ubao na kutundikwa kama picha, na ukitunzwa vema huweza kuishi miaka mingi.

Tatizo ni kwamba mara nyingi haufi kwa kutelekezwa, bali kwa kutunzwa kama ua la kwenye chungu. Mwenye nyumba huumwagilia kila siku na kuubandua majani yaliyokauka, kumbe anaung'oa uhai wake.

Si mgeni nchini

Zipo takriban aina 18 za mmea huu duniani, na baadhi yake ni za Afrika Mashariki. Platycerium alcicorne huota katika misitu ya ukanda wa pwani wa Tanzania, Kenya na Msumbiji, na pia Madagascar. Platycerium elephantotis, ambayo majani yake ni mapana kama masikio ya tembo badala ya kugawanyika kama pembe, imeenea katika nchi nyingi za Afrika ya kitropiki.

Aina inayooteshwa zaidi majumbani duniani ni Platycerium bifurcatum, yenye asili ya mashariki mwa Australia.

Porini, mmea huu huota juu ya magome ya miti. Lakini si kimelea, kwani haunyonyi chochote kutoka katika mti. Huutumia kama ngazi ya kuufikia mwanga, na chakula chake hutokana na mvua, vumbi na majani makavu yanayoanguka kutoka juu.

Majani ya aina mbili

Kangaga la pembe lina majani ya aina mbili, na kila moja lina kazi yake. Majani ya ngao ni ya mviringo na hulala bapa juu ya ubao. Yakiwa machanga huwa ya kijani, kisha hugeuka kahawia na kukauka. Huko si kufa. Ngao hizo kavu hufunika mizizi, hutunza unyevu na kuoza polepole zikawa chakula. Hazipaswi kubanduliwa.

Majani ya pembe ndiyo yanayochomoza na kuning'inia. Yamefunikwa na unga mweupe ambao kwa hakika ni vinyweleo vidogo vinavyopunguza upotevu wa maji. Kwa sababu hiyo majani hayo hayafutwi kwa kitambaa. Vumbi la mitaani huondolewa kwa kunyunyizia maji tu.

Aidha, doa kubwa la kahawia chini ya ncha za majani yaliyokomaa si ugonjwa. Hizo ni spora, ambazo mmea huu usio na maua wala mbegu huzitumia kuzaliana.

Namna ya kuufunga ubaoni

Ubao wa mninga au mvule hudumu kuliko wa paini, na vipande vyake hupatikana kwa mafundi seremala. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa ziepukwe, kwani nyingi ya dawa hizo zina madini ya shaba, ambayo ni sumu kwa makangaga. Kwa sababu hiyo hiyo, waya wa shaba usitumike kufungia.

Badala ya udongo hutumika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Kwa kuwa makumbi ya pwani huweza kuwa na chumvi, yalowekwe katika maji baridi na kubadilishiwa maji mara kadhaa.

Tandaza makumbi yenye unene wa vidole viwili hivi, weka mmea juu yake huku kikonyo cha katikati kikiwa wazi, kisha zungushia mshipi wa kuvulia samaki na kuukaza kwenye misumari midogo iliyopigwa pembeni. Baada ya miezi kadhaa ngao mpya zitaufunika mshipi huo.

Ubao uliolowa ni mzito. Utundikwe kwa ndoano imara iliyofungwa kwa skrubu ukutani, na usiwekwe juu ya njia ya wapita njia au mahali ambapo maji yatamdondokea jirani wa ghorofa ya chini.

Mwanga na maji

Mwanga unaofaa ni kama ule ulio chini ya miti mikubwa ya Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa jijini mwaka 1893: mwangavu, lakini uliochujwa. Jua la asubuhi halina madhara. Jua la mchana na la alasiri huunguza majani.

Kwa kuwa Dar es Salaam ipo kusini kidogo mwa Ikweta, kibaraza kinachotazama kusini hupigwa na jua kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, na kinachotazama kaskazini hupigwa katika miezi iliyosalia. Hivyo, ubao unaweza kuhitaji kuhamishwa mara mbili kwa mwaka. Usitundikwe mbele ya kiyoyozi.

Maji hupimwa kwa uzito. Inua ubao, ukiwa mzito, acha. Ukiwa mwepesi, uloweke katika beseni kwa dakika 10 hadi 15, kisha uache uchuruzike kabla ya kuurudisha. Wakati wa joto la Desemba hadi Machi, mara mbili kwa wiki hutosha kwa kawaida. Wakati wa masika na miezi ya baridi, mara moja kwa wiki au pungufu. Majani yaliyolegea yana kiu. Shina lililogeuka jeusi na laini linaoza kwa maji mengi.

Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya kisima yenye chumvi huunguza ncha za majani.

Mbolea ya maji iliyopunguzwa nguvu hadi nusu ya kipimo cha kwenye chupa hutolewa mara moja kwa mwezi. Maganda ya ndizi, yanayopendekezwa na wengi, huvutia nzi na sisimizi ndani ya nyumba. Vidugamba wakionekana, waondolewe kwa mswaki laini. Dawa zenye mafuta zisitumike.

Usiutoe msituni

Miche inunuliwe kwa wauza miche walioiotesha wenyewe, au iombwe kwa mwenye mmea uliozaa vichipukizi. Kichipukizi chenye ngao na mizizi yake hukatwa kwa kisu kikali na kufungwa kwenye ubao wake.

Kung'oa mmea msituni ni jambo jingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchukua mazao ya misitu katika hifadhi bila kibali, na misitu ya pwani iliyobaki ni michache na imegawanyika vipande vipande. Zaidi ya hayo, mmea mkubwa uliobanduliwa kwenye gome hupoteza mizizi na ngao zake, na mara nyingi hufa kabla haujashika ubao. Anayeununua hubaki na ubao mtupu, na msitu hubaki na pengo.