Historia ya Kufunika Ardhi: Somo kwa Bustani za Kajaga

Wengi wetu tuliijua kazi ya kupalilia kwanza shuleni, nayo ilikuwa adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa alipewa jembe, akaonyeshwa matuta yaliyojaa magugu, na wenzake wakaendelea na somo. Leo twaona ni vema kuitazama kazi hiyo kwa jicho la historia, kwani imewapokonya mama zetu na watoto wetu saa nyingi mno.

Kajaga iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika njia itokayo Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo. Ni nchi ya Imbo, tambarare yenye joto, na mvua za kwanza zinyeshapo magugu huota upesi kuliko mbegu ya mkulima. Je, wazee walilikabili vipi jambo hili?

Walifunika ardhi. Katikati ya mahindi na migomba walipanda kunde, maboga na viazi vitamu, viitwavyo ibijumbu kwa Kirundi. Kunde ni mmea wa Afrika tangu asili. Viazi vitamu vilitufikia kutoka bara la Amerika. Majani yatambaayo huinyima ardhi mwanga, na mbegu nyingi za magugu hushindwa kuota. Tena huupunguzia udongo mapigo ya mvua na kuhifadhi unyevu wake. Lakini mabwana shamba wengi wa zama za ukoloni katika Afrika Mashariki waliuona mchanganyiko huo kuwa ni fujo. Walitaka mistari iliyonyooka na zao moja.

Hata hivyo, wataalamu wenyewe waliijia hekima ile ile kwa njia nyingine. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, ambayo kituo chake kikuu cha utafiti kilikuwa Yangambi katika Kongo. Huko watafiti walipanda pueraria, mmea wa jamii ya kunde utokao Asia, ili ufunike ardhi chini ya michikichi. Basi kilichoitwa fujo katika shamba la mama kiliitwa elimu katika shamba la utafiti.

Katika milima ya Burundi, ambako kahawa ilienezwa kwa amri miaka ya 1930, wakulima walihimizwa kutandaza nyasi na majani ya migomba chini ya mibuni. Matandazo hayo yalizuia magugu, lakini yalipasa kukatwa na kubebwa kichwani. Mmea ulio hai haubebwi, hujitandaza wenyewe. Baada ya uhuru wa 1962, kazi ya utafiti nchini ilirithiwa na taasisi ya ISABU.

Mfano wa karibu zaidi watoka Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya ICIPE wameonyesha kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi hulizuia kiduha, gugu linyonyalo mizizi ya nafaka. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali ziamshazo mbegu za kiduha, kisha zikazuia miche yake kushikamana na mahindi.

Mwenye bustani Kajaga atafuata njia gani? Kwanza apalilie kwa ukamilifu, kisha apande vipande vya marando ya viazi au mbegu za kunde. Hana budi kupalilia tena mara moja au mbili mpaka majani yakutane. Baada ya hapo atang'oa kwa mkono gugu moja moja. Asipande marando karibu na mchicha au vitunguu, maana yatavisonga. Na ua ulio karibu na nyumba aendelee kuufagia, ili nyoka asipate maficho.

Sisi walimu wa Kiswahili tunayo sehemu yetu. Maneno palizi, magugu, marando na matandazo yafundishwe pamoja na habari zake, ili mtoto ajue kwamba bibi yake alikuwa na elimu kabla ya Yangambi. Na jembe tusilifanye tena fimbo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tusipofunika ardhi tutapalilia daima.