Uchawi Mdogo Umetoka Wapi?

Jumamosi moja jioni, Sinza, tulikuwa watano tumeizunguka meza ya chakula, dadu zimemwagwa juu ya kitambaa, na mwongoza mchezo wetu akaichukua karatasi yangu akaisoma kwa sauti. Mhusika wangu aliitwa Tabu, mwanamke askari aliyestaafu ulinzi wa lango. Anajua mkuki, anajua ngao, na zaidi ya hapo ana vipaji viwili vidogo: anaweza kuunga kitu kilichovunjika, mradi ufa usizidi sentimita 30 hivi, na anaweza kupasha chakula moto au kukipoza bila kukigusa. Kwenye nafasi ya historia yake niliandika kwamba alizaliwa usiku wa kupatwa kwa mwezi, na nyota ikaanguka nyuma ya nyumba yao.

Jamaa akaishusha ile karatasi taratibu. "Kaka, yaani nyota nzima imeanguka ili huyu mama apashe ugali?"

Tulicheka sana. Nilicheka mimi kuliko wote, halafu nikarudi nyumbani nikiwa na hasira, maana alikuwa amesema kweli.

Kwa ambaye hajawahi kuukalia mchezo huu: Dungeons & Dragons ni hadithi inayotungwa na watu kadhaa kwa mdomo. Kila mmoja anashika mhusika mmoja, mwongoza mchezo anashika ulimwengu wote uliobaki, na pale matokeo yanapokuwa na mashaka dadu zinaamua. Kitabu cha wachezaji cha toleo la 2014 kina kanuni inayomruhusu hata asiye mchawi kuchagua vijiuchawi viwili, pamoja na uchawi mmoja wa daraja la kwanza. Kanuni inakueleza unaweza kufanya nini. Umevipata wapi, haisemi. Hapo mchezaji anaachiwa kalamu, na wengi wetu tukiachiwa kalamu tunaandika nyota.

Basi nikaanza kurudi nyuma, toleo kwa toleo, kuona waliotutangulia walijibu vipi.

Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya sanduku, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapwa na kampuni ndogo ya huko Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Uchawi mkubwa ulikuwa na maelezo yake tangu siku hiyo, na maelezo yalikuwa ya kuazima. Mwandishi Jack Vance, katika kitabu chake The Dying Earth cha 1950, alikuwa na wachawi wanaokariri uchawi kutoka vitabuni, na wakishautumia unawatoka kichwani mpaka waukariri upya. Gygax aliuchukua utaratibu huo. Kwa hiyo ukimuuliza mchawi wa mchezo ule ameutoa wapi moto wake, anakuonyesha kitabu, kama daktari anavyokuonyesha cheti ukutani. Hakuna mjadala.

Kipaji kidogo ndicho kilichokosa kwao. Players Handbook ya 1978 ina kiambatisho kuhusu nguvu za akili, zile za kusoma mawazo na kusogeza vitu. Ukiwa na alama 16 au zaidi kwenye akili, hekima au haiba, unarusha dadu za asilimia, na bahati yako inaanzia asilimia 1. Ukipata, umepata. Hakuna mwalimu, hakuna mzazi, hakuna mtu aliyekuona ukijaribu mara ya kwanza. Nakiri kuna ukweli fulani humo, maana hata mtaani kwetu kuna watu wenye mikono ya ajabu na hakuna anayejua wameirithi kwa nani. Ila kwa hadithi, hiyo ni bahati nasibu tu.

Mwaka huohuo wa 1978 ukatoka mchezo mwingine, RuneQuest, ulioandikwa na Steve Perrin na wenzake juu ya ulimwengu wa Glorantha uliobuniwa na Greg Stafford. Huo nimeupenda kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Kule karibu kila mtu ana uchawi wake mdogo: wa kunoa upanga, wa kufunga kidonda. Lakini unafundishwa, na mafunzo yanalipiwa. Anayeanza anaweza kusomeshwa kwa mkopo na chama cha mafundi. Yaani mhusika wako anaingia kwenye mchezo akiwa na deni! Ukimuuliza ameupata wapi uchawi wake, anaangalia mlangoni kwanza. Mdai wake ana jina, ana nyumba, na anaijua njia anayopita.

Halafu ikaja 1982. Kwenye jarida la Dragon, Gygax alianza kuchapa orodha ya kitu alichokiita kantripu, ambayo baadaye iliingia kwenye kitabu cha Unearthed Arcana cha 1985. Neno lenyewe ni la Waskoti, lina maana ya hila au ulozi mdogo, na Robert Burns alilitumia katika Tam o' Shanter, utenzi wake wa mwaka 1791. Maelezo ya Gygax yalikuwa mepesi: haya ndiyo anayojifunza mwanagenzi kabla hajawa mchawi kamili.

Isome orodha hiyo polepole. Kukausha. Kusafisha. Kufuta vumbi. Kung'arisha. Kutia chumvi. Kutia viungo. Kuongeza utamu. Kushona. Kufunga kifurushi. Kupasha moto. Kuua wadudu. Mara ya kwanza nilidhani ni utani, maana nilikuwa nasubiri mazimwi. Mara ya pili nikaona kinachoelezwa. Huyu si mchawi, huyu ni hausiboi. Ni mtoto aliyepelekwa kwenye nyumba ya mkubwa mmoja ili asome, na kwa miaka kadhaa kazi yake ikawa vyombo.

Sehemu ya pili ya orodha ni kinyume cha ile ya kwanza: kuchachisha, kuchafua, kumwaga, kutatiza nyuzi, kunyausha mmea, kufunga mafundo. Sehemu nyingine ni kumfanya mtu apige chafya, acheue, acheke ovyo, ajikune, apige miayo. Hapo yule mtoto amechoka. Tajiri ana wageni wa heshima sebuleni, na katikati ya hotuba anacheua. Sidhani kama Gygax alikusudia kuandika maisha ya mtoto wa kazi. Nadhani alijiuliza tu ni mambo gani ni madogo, na jikoni ndiko yanakopatikana. Ila mtoto yumo.

(Mezani kwetu tunatumia neno "wizadi" kwa mhusika wa aina hiyo, na siyo kwa kujifanya wazungu. Tulijaribu kusema "mchawi" tukashindwa. Mchawi wa Kiswahili haangazi chumba wala haungi mnyororo. Mchawi analoga, na kulogwa lazima kuwe na aliyelogwa. Mganga naye ana wateja, ana foleni. Hatuna neno la mtu mwenye uwezo mdogo usiomdhuru mtu na usiouzwa.)

Sasa rudi kwenye neno moja la ile orodha: kuchachisha. Uskoti, lilikotoka neno kantripu, ilikuwa na sheria dhidi ya uchawi kuanzia 1563 hadi 1736, na mashtaka mengi hayakuwa ya mtu kuruka angani. Yalikuwa ya maziwa. Maziwa yamechacha, siagi imekataa kushika, ng'ombe wa fulani amekauka tangu fulani apite zizini. Mambo ya jikoni, na mara nyingi mshtakiwa alikuwa mwanamke. Waingereza hao hao, waliofuta sheria hiyo kwao mwaka 1736, waliitungia Tanganyika sheria ya uchawi mwaka 1928, na ipo mpaka leo.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Usukumani, upande wa Shinyanga. Nilikuwa nikipelekwa kwake likizo. Maziwa yake kwenye kibuyu yaliganda vizuri kuliko ya mtu yeyote pale kijijini, na siagi ilitoka haraka. Majirani walileta maziwa yao ayasuke yeye. Nikimuuliza anafanyaje, alikuwa ananijibu, "Mjukuu wangu, nakiosha kibuyu." Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wa umri wake waliopikia kuni mbichi na samadi kwenye vibanda visivyo na dirisha. Aliyekulia kanda ile anajua macho mekundu yamewagharimu nini vikongwe. Wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya rangi hiyo.

Mwaka mmoja ng'ombe wa jirani walikauka. Akatokea mtu akasema maziwa hayajakauka, yamehama, na akaonyesha kibuyu cha nani yamehamia. Baada ya hapo kila kitu kikapata maelezo yake: kwa nini siagi inawahi, kwa nini haugui, kwa nini amewazika waume wawili. Mjomba alikuja na gari la kukodi usiku, akamchukua hadi Mwanza na nguo alizovaa. Bibi aliishi kule miaka kumi na moja, akafa kwa uzee. Kibuyu kilibaki kijijini.

Ndiyo maana yule jamaa aliposoma karatasi yangu nilikasirika, na ilinichukua siku kadhaa kujua kwamba hasira haikuwa juu yake. Nilikuwa nimefanya kile alichofanya jirani wa Bibi. Niliona kitu kidogo kisicho na maelezo, nikakitafutia sababu kubwa kupita kiasi. Kumpa Tabu nyota ni kosa la uandishi tu, hakuna aliyeumia. Lakini mwendo wa mawazo ni uleule, na nilichukia kuukuta kwenye mwandiko wangu.

Ningecheza kwa toleo jipya la 2024 nisingepata tabu hii. Waandishi wake wamejibu swali wenyewe: vijiuchawi hivyo sasa vinakuja pamoja na asili unayochagua. Aliyetumikia hekalu anapata vya kikasisi, mwongoza njia wa porini anapata vya wanyama na miti, msomi anapata vya kichawi. Siyo majibu mabaya, na mchezaji mgeni anaokolewa na nyota. Ila angalia ni kina nani waliopewa: hekalu, pori, maktaba. Yule mtoto wa vyombo wa 1982 hayumo.

Wiki iliyofuata nilifuta mwezi na nyota. Nikaandika kwamba Tabu alipofika kambini akiwa na miaka kumi na miwili, kabla hajashika mkuki, aliwekwa jikoni kuosha masufuria. Mpishi alikuwa mwanamke mzima asiye na ndugu. Aliunga vyungu kwa kuvipapasa, na alimfundisha Tabu kwa sababu mikono yake mwenyewe ilikuwa imeanza kutetemeka na hakutaka ijulikane. Miaka kumi baadaye mchuzi wa kamanda ulichacha mezani mbele ya wageni. Usiku uleule mpishi akafukuzwa, nje kukiwa na fisi. Aliyekuwa zamu langoni ni Tabu. Alifungua, mama akapita, akafunga. Tangu hapo anapasha chakula chake akiwa peke yake tu.

Mwongoza mchezo akaisoma, safari hii kimya. Wenzetu walikuwa wanagombania soda.

"Huyu mpishi," akaniuliza, "yuko hai?"

"Sijaandika."

"Na mchuzi, ni nani aliuchachisha?"

Nilifungua mdomo nikakuta sina jibu. Yeye akachukua penseli, akaandika mstari mmoja kwenye daftari lake, akaliinamisha ili nisione, na akatuambia tuchukue dadu.